Kitabu cha Kufunuafunua

Mwalimu Sikudhani alikiona kitabu chake kabla hata hajavua viatu. Kilikuwa juu kwenye boriti ya nyumba ya Bi Mwajabu, ndani ya mkoba wa kitambaa cha marekani, kona yake nyekundu ikichungulia kando ya juzuu na tasbihi ya marehemu mwenye nyumba. Mkoba ulinukia udi. Mtoto wa miaka mitatu, hata angepanda juu ya kinu, na kinu chenyewe kikapandishwa juu ya kitanda, asingeufikia.

"Karibu, mwalimu, karibu ndani," alisema Bi Mwajabu huku akikung'uta mkeka. "Umetutupa mno. Kitabu chako tumekitunza, utaona mwenyewe. Hata nzi hajatua juu yake."

Hilo ndilo neno Sikudhani hakutaka kulisikia. Alikuwa amekuja Nyamisati asubuhi ile kwa lori la boriti, akirushwarushwa njia nzima kutoka Kibiti, kutafuta vitabu vilivyochafuka. Alitaka kuona alama za vidole. Alitaka kuona mate, masizi, mafuta ya nazi, kurasa zilizokunjwa, mlango mmoja au miwili ya karatasi iliyonyofolewa. Alitaka mama mmoja tu amwambie, kwa aibu, "Nisamehe mwalimu, mtoto amekiharibu."

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza huko Kibiti, na kila mwaka mpya alipokea watoto ambao hawajapata kushika kitabu. Walikipokea kama mtu anayepokea sahani ya moto, kwa ncha za vidole, huku wakimtazama yeye usoni kuona kama watapigwa. Ilimchukua miezi kuutoa woga ule, na wengine haukuwatoka. Basi akafikiri: kwa nini mtoto akutane na kitabu siku ile ile anayokutana na fimbo? Kwa nini asikutane nacho nyumbani, miguuni pa mama yake, kikiwa kitu cha kuchezea kama kigae au kijiti?

Akakaa likizo nzima akikata na kubandika. Alitumia makaratasi magumu, gundi ya uji wa muhogo, uzi wa kushonea na rangi alizopewa alipomaliza chuo cha ualimu. Kila ukurasa ulikuwa na kitu cha kufunuliwa. Ulifunua kawa, ukamkuta paka ameinamia samaki. Ulifungua mlango wa banda, kuku akatokeza na vifaranga. Ulikunjua jani la mgomba, kumbe mtoto amejificha nyuma yake, meno nje. Na ukurasa wa mwisho, aliokesha akiufikiria, ulikuwa wa tope la mikokoni: ukivuta ulimi wa karatasi uliojitokeza pembeni, kaa alitoka shimoni mwake, magando juu, ukiurudisha, alirudi ndani.

Alitengeneza vichache, akavipeleka Nyamisati kwa akina mama wa chama cha wanawake, kwa sababu huko ndiko walikotoka watoto waliokuja shule wakiwa waoga kuliko wote. Na hapo ndipo Memsahibu wa Maendeleo, Mwingereza aliyekuwa akizunguka wilaya nzima kwa Landrova kukagua vyama vya wanawake, alipoisikia habari ile akaipenda. Alimwita Sikudhani, akazichukua picha alizozichora mwanzo, akazitia katika bahasha kubwa.

"Mimi nina karatasi," alimwambia. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limesimama peke yake. "Zinatosha kupiga chapa kitabu kimoja mwaka huu. Ama kitabu chako, ama kitabu cha kufundisha kuchimba vyoo. Nitakuja kuona. Kitabu cha mtoto mdogo kikiwa safi, maana yake hakikutumika. Nionyeshe vilivyotumika, nami nitakipeleka chapani, pamoja na milango yake yote."

Siku ya kuja kwake ilikuwa Alhamisi ya wiki ile ile. Sikudhani alikuwa ametangulia kuja kuchungulia, kama mpishi anayefunua chungu kabla ya wageni. Na sasa alikuwa amefunua, na chungu kilikuwa kitupu.

"Naomba nikitazame, bibi," alisema kwa sauti ndogo.

"Subiri nitawadhe," alijibu Bi Mwajabu, akachukua kopo la maji akatoka nje.

Mwantumu, binti yake, alikuwa amekaa kizingitini akisuka ukili, mwanawe Tabu amemwegemea. Aliangua kicheko. "Usishangae, mwalimu. Nyumba hii tuna maulidi kila jioni. Mama anatawadha, anafukiza, anakishusha. Tunakaa kimya kama tunasomewa hitima. Halafu anasoma: 'Paka yuko wapi?'"

"Na Tabu je?"

"Tabu? Muulize mwenyewe."

Sikudhani alichutama. Tabu alikuwa na mashavu ya mviringo na jino moja lililovunjika. Alipoona anatazamwa, alipeleka mikono yote miwili mgongoni, akaishikanisha huko kwa nguvu.

"Tabu, unakipenda kitabu?"

Mtoto aliitikia kwa kichwa.

"Unamfungulia kuku mlango?"

"Bibi ndiye anafungua," alisema Tabu. "Mimi nina mikono."

Alimaanisha mikono michafu. Sikudhani aliitazama mikono yake mwenyewe. Utotoni yeye pia mikono yake ilikuwa ya kurudishwa mgongoni.

Kwa maana kosa lilikuwa lake, na lilitokana na huruma. Akina mama wa Nyamisati hawakwenda shule ya serikali, lakini wengi walikwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na herufi za chuoni walizijua. Alipofika mahali pa kuandika maneno chini ya picha, Sikudhani aliinua kalamu akafikiri: nikiandika kwa herufi za Kizungu, mama atakishika kitabu mbele ya mwanawe asijue pa kuanzia. Atamwonea haya mtoto wake mwenyewe. Basi akaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya tete, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na baba yake, na akaona amefanya jambo la maana kuliko yote aliyofundishwa chuo cha ualimu. Siku ya kuvigawa alivileta vimefungwa katika kitambaa cheupe, akavitoa kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, akianza na Bismillahi. Ungedhani analeta misahafu.

Naye si mgeni. Alikulia katika nyumba kama zile. Alijua kwamba kipande cha karatasi chenye herufi zile kikionekana njiani, mtu huinama akakiokota, akakichomeka kwenye ufa wa ukuta kisije kikakanyagwa. Alijua, na alipokuwa akiandika 'Paka yuko wapi?' alikuwa amelewa furaha yake, hakukumbuka.

Bi Mwajabu alirudi na mikono inayodondoka maji, akaushusha mkoba, akakitoa kitabu na kukiweka juu ya mto. Kilikuwa kama siku kilipotoka mikononi mwa Sikudhani. Alikifungua, akasoma polepole, kwa mahadhi, na ilipofika zamu ya mlango aliuinua kwa ukucha mmoja, kidogo tu, kama anayechungulia chumba cha mgonjwa, akaufunga tena.

"Bibi," alisema Sikudhani, "hiki ni kitabu cha watoto. Si cha dini. Ni paka tu na kuku."

"Najua ni kuku. Sijui kusoma?"

"Basi mpe Tabu ashike. Akikichana, nitakutengenezea kingine."

Bi Mwajabu alimtazama kama mtu aliyesikia tusi kutoka kinywa kisichotukana. "Mwanangu, herufi hizi hizi ndizo za jina la Mwenyezi Mungu. Umezipanga zikawa kuku, sawa, umezipanga wewe. Lakini herufi ni zile zile. Huyu bado anajikojolea. Nimpe azikalie?"

Sikudhani aliaga. Alizunguka nyumba nyingine zilizopewa vitabu, na kila alikofika moyo ulizidi kumwishia. Mahali pamoja kitabu kilikuwa kwenye sanduku la bati, katikati ya kanga za harusi, na ufunguo amekwenda nao mume mikokoni kukata boriti. Mahali pengine kilikuwa chini ya mto wa mtoto mchanga.

"Alikuwa na homa," alieleza mama yake. "Tukamwekea."

"Lakini kimeandikwa habari za kaa!"

"Naam. Na homa ilishuka."

Njiani Mwantumu alimfuata akicheka hadi machozi. "Mwalimu, una dawa na hujui! Acha kazi za shule, ukae hapa utibu watu."

"Usinicheke, Mwantumu. Alhamisi memsahibu anakuja."

"Basi futa hayo maneno, andika ya Kizungu."

"Nikiandika ya Kizungu nani atamsomea Tabu? Wewe utaweza?"

Mwantumu aliacha kucheka. "Mimi? Nimesomea wapi," alisema, akageuka kutazama kwingine.

Sikudhani alitamani ardhi ipasuke immeze. Kila alipojaribu kutengeneza pande hili, pande lile lilibomoka.

Alipokuwa akisubiri lori, alishuka hadi ukingoni mwa kijito, na kitabu kimoja, alichorudishiwa na mama mmoja, kikiwa kwapani. Maji yalikuwa yamekupwa, na tope jeusi limeachwa wazi likinuka. Alichovya kidole. Alifikiri: alama moja hapa, moja pale kwenye banda la kuku, hapa nikunje, pale nitoboe. Memsahibu atajuaje? Alikigusisha kidole kwenye ukurasa wa kawa. Doa lilikaa, kubwa, la kidole cha mtu mzima, na paka akawa kama amepigwa. Sikudhani alilitazama, akashikwa na hasira, asijue ni kwa nani. Alilifuta kwa ncha ya kanga yake, likasambaa likawa baya zaidi, na akapanda lori akiwa amekificha kitabu kile tumboni kama kitu cha kuiba.

Alhamisi walikuja pamoja kwa Landrova. Memsahibu aliendesha mwenyewe, kofia pana kichwani, akieleza kwa uchangamfu jinsi ya kuweka kifuniko kwenye shimo la choo. Sikudhani aliitikia, "Ndiyo, memsahibu," "Naam, memsahibu," huku akijipanga kusema jambo. Alilipanga walipopita mashamba ya mihogo. Alilipanga upya walipoanza kuona minazi. Walipofika Nyamisati bado lilikuwa limepangwa vizuri, na halijasemwa.

Nyumbani kwa Bi Mwajabu mkeka mpya ulikuwa umetandikwa, madafu yamekatwa. Bi Mwajabu alikwisha tawadha. Alikitoa kitabu mkobani kwa fahari, akakiweka mikononi mwa mgeni kwa mikono miwili.

Memsahibu alifungua ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. Alivuta ulimi wa kaa, na kaa akatoka kwa shida, mkavu, kama hajatoka tangu azaliwe.

"Ni kizuri sana," alisema. "Ni safi sana." Alimgeukia Tabu, akachuchumaa, akamwonyesha. "Njoo. Fungua. Kuku yuko wapi?"

Tabu alitazama kitabu kwa macho ya kutamani, akapeleka mikono mgongoni.

"Anajua," alisema Bi Mwajabu kwa haraka. "Tabu, mwambie mgeni. Nani yuko chini ya kawa?"

"Paka," alisema Tabu.

"Na nyuma ya jani?"

"Mtoto. Anacheka."

"Unaona, mama? Anajua kitabu chote. Hajakigusa hata mara moja!"

Bi Mwajabu aliisema kama sifa kubwa. Memsahibu alisimama, akapangusa magoti.

"Mwalimu Sikudhani, kwa nini hawachezi nacho?"

Huo ndio ulikuwa wakati. Sikudhani alifungua kinywa, na lile jambo lililopangwa tangu mihogoni likatoka vipande vipande. Alisema ni herufi. Alisema kosa ni lake. Alisema wanakiheshimu, memsahibu, si kwamba hawakipendi, wanakisoma kila jioni, ila kwa sababu ya herufi...

"Nimeelewa," alisema memsahibu kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Mtoto anajua maneno, na mikono haina kazi. Basi milango haina haja. Milango ni gharama. Tutapiga chapa picha zako bapa, na herufi za kawaida, kwa watoto wa darasa la kwanza. Ni habari njema, sivyo? Kitabu chako kitatoka."

"Lakini memsahibu, bila kufunua..."

"Fikiri kidogo. Mimi naenda kuona akina mama wa majamvi, halafu nitarudi kukuchukua."

Alikwenda. Vumbi la viatu vyake lilibaki mlangoni.

Sikudhani alibaki amesimama katikati ya mkeka. Picha bapa. Paka akiwa wazi, samaki wazi, mtoto nyuma ya jani haonekani kabisa kwa kuwa jani haliinuki. Na kitabu chenyewe kikabidhiwe kwa mtoto wa miaka saba siku ya kwanza ya shule, na fimbo juu ya meza.

"Mbona umenuna, mwalimu?" aliuliza Bi Mwajabu. "Si wamekubali?"

"Hawakukubali, bibi. Wamenikatalia kwa maneno matamu."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ni safi!" Sauti yake ilipanda mwenyewe ikamshtua. Tabu alijificha nyuma ya mama yake. "Kwa sababu mmekitunza! Nilitaka kichafuke. Nilitaka akilalie, akivute, akichane. Nimewaletea kitu cha kucheza mkakifanya cha kufukiza udi. Na siwezi kuwalaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyekiandika hivyo. Sasa nimlaumu nani?"

Bi Mwajabu alikaa chini taratibu, akakirudisha kitabu juu ya mto.

"Kama ulitaka kichanwe," alisema kwa utulivu, "usingeandika kwa herufi hizi."

"Najua, bibi."

"Kuchana hizi siwezi. Wala wewe huwezi. Wala usingependa."

"Najua."

Mwantumu alikuwa ameshika kisu kidogo anachokatia miyaa. Sikudhani alikitazama kile kisu. Halafu akanyoosha mkono. "Niazime."

"Unataka kufanya nini?"

"Bibi, karatasi ya msahafu iliyochakaa mnaifanyaje?"

"Tunaiondoa kwa heshima. Tunaichomeka juu, au tunaizika mahali pasipopitwa."

"Basi nitaziondoa kwa heshima."

Alitoka akatawadha. Alirudi, akakilaza kitabu juu ya mto, akaanza kukata. Maneno alikuwa ameyaandika yote chini, katika ukanda mmoja kila ukurasa, na kisu kilipita kati ya picha na maneno kikitoa mlio mdogo wa kukereza. Kila ukanda uliokatika aliutia mikononi mwa Bi Mwajabu. Mwandiko ule ulikuwa mzuri. Alikumbuka usiku alioandika 'Paka yuko wapi?' na jinsi alivyotabasamu peke yake. Kisu kilikwenda kombo, kaa nusura akatwe mguu.

Bi Mwajabu alipokea kanda moja baada ya nyingine. Alipopewa wa mwisho alizipanga sawasawa, akazitia mkobani pamoja na juzuu, akautundika. Alibaki akiutazama kidogo.

"Na mimi je?" alisema. "Jioni nitasoma nini? Kitu changu cha kusoma kikanichekesha kilikuwa hicho kimoja."

Sikudhani aligeuka. Hakuwa amelifikiria hilo. Katika hesabu zake zote za mama na mtoto na memsahibu, hakuwa amemhesabu kikongwe aliyekaa kila jioni akisoma habari za paka kwa mahadhi na kuzifurahia. Alihisi uso wake unawaka.

"Nisamehe, bibi."

"Haidhuru. Ziko juu pale, nitazishusha." Bi Mwajabu alikitazama kitabu kilichobaki juu ya mto, kifupi, kimekatwa miguu. "Sasa hicho ni nini?"

"Karatasi," alisema Sikudhani. "Karatasi na rangi, basi."

Alikichukua, akakiweka mkekani, chini kabisa, mbele ya miguu ya Tabu. Bi Mwajabu alivuta pumzi kwa nguvu, akaiachia.

Tabu alimtazama bibi yake. Alimtazama mama yake. Mikono ilikuwa bado mgongoni.

"Haya," alisema Mwantumu. "Unangoja barua?"

Mkono mmoja ulitoka. Uligusa kawa kwa kidole, ukarudi. Ulitoka tena. Kawa ilifunuka, paka akaonekana, na Tabu akapiga ukelele uliowaleta watoto wa jirani mbio, mmoja na kipande cha muhogo mkononi, mwingine uchi kabisa na tope hadi mapajani. Walimvamia kuku. Walifungua banda, wakafunga, wakafungua, kila mmoja akidai zamu yake. Mtoto wa nyuma ya jani alifunuliwa mara nyingi mpaka jani likalegea. Tabu aliushika ulimi wa kaa kwa mikono miwili, akavuta kama anayevuta kamba ya ndoo, kaa akatoka shimoni, akatoka ukurasani, akabaki mkononi mwake mzima mzima.

Wenzake waliacha kuvutana. Tabu alimtazama mwalimu, midomo ikianza kutetemeka.

"Umemkamata!" alisema Sikudhani. "Mshike vizuri asikuume."

Kicheko chake Tabu kilimtoka na mate. Alikimbia na kaa nje, wenzake nyuma yake, na kurasa nyingine zikaburutwa mchangani. Mwantumu alikuwa amejishika mbavu. Bi Mwajabu mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika.

Hapo ndipo memsahibu aliporudi.

Alisimama uani, akawaangalia watoto. Aliinama akaokota banda la kuku, lisilo na mlango tena. Aliokota paka, ameng'olewa sikio, ana alama ya muhogo usoni. Sikudhani alimsogelea. Alikuwa na kanga upande, kisu bado mkononi, na usoni tabasamu ambalo hakuweza kulizuia.

"Ona, memsahibu," alisema. "Wanacheza nacho. Uliniambia nikuonyeshe kilichotumika. Hiki hapa."

Memsahibu aligeuza kipande kile upande huu na upande ule. Alionekana anasikitika kwa dhati. "Nimeondoka kwa muda mfupi tu, na kimekwisha."

"Ndiyo!"

"Mwalimu, serikali haiwezi kupiga chapa kitu kinachokwisha kabla ya chai. Wataniuliza. Nitawaambia nini?"

Sikudhani alidhani hakusikia vizuri. "Kilipokuwa safi ulisema hakikutumika."

"Ndiyo. Na sasa kimetumika, nami naona kwamba hakidumu." Alimrudishia kipande kile kwa upole ule ule. "Picha bapa zitadumu. Twende, njia ni mbovu."

Ndani ya Landrova Sikudhani alikaa na vipande mapajani, vile alivyoweza kuvikusanya, kaa hakupatikana. Memsahibu aliendesha akizungumza. Alisema kitabu bapa si kitu kidogo. Alisema jina lake litaandikwa ndani. Alisema watoto wa darasa la kwanza wa wilaya nzima watazitazama picha zake, na je, hilo si jambo la kumfurahisha mwalimu kijana? Kila alilosema lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimuudhi. Memsahibu angekuwa mtu mbaya, Sikudhani angejua la kufanya. Lakini alikuwa mtu mwema mwenye karatasi za kitabu kimoja, na alitaka apate jibu kabla ya kufika Kibiti.

Sikudhani alitazama bahasha kubwa iliyolala kati yao. Alijiona anakubali. Ingekuwa rahisi: "Naam, memsahibu," kama alivyozoea. Kisha alimwona mtoto wa miaka saba, mikono mgongoni, akionyeshwa jani la mgomba lililochorwa vizuri, lisilofunuka, lenye mtu nyuma yake ambaye hakuna atakayejua kwamba yupo.

Walipofika penye njia ya shule, memsahibu alisimamisha gari, injini ikinguruma. "Basi? Niandike ndiyo?"

"Hapana," alisema Sikudhani.

Lilitoka dogo, hata akadhani itabidi alirudie. Lakini lilisikika.

"Naomba picha zangu," aliongeza.

Memsahibu alimgeukia. Hakukasirika. Aliichukua bahasha akampa. "Karatasi nitazipeleka kwenye kitabu cha vyoo, mwalimu. Mwaka huu hazitapatikana nyingine. Labda wala mwaka ujao."

"Zipelekwe."

Alishuka. Gari liliondoka, likamwachia vumbi na harufu ya petroli. Alikuwa ametegemea kujisikia shujaa, na hakujisikia hivyo hata kidogo. Alisikia njaa, na miguu inauma, na hasira isiyo na mwenyewe ikivuma kama nyuki ndani ya chupa. Karatasi za mwaka mzima! Angeweza kusema ndiyo. Angeweza hata kusema, naomba siku moja nifikiri. Alifungua bahasha, akaona picha ziko zote, akaifunga, akaifungua tena.

Alikuwa amefika karibu na ua wa shule alipokumbuka kwamba hakusema asante kwa lifti, wala kumtakia mgeni safari njema, utovu wa adabu ambao hakupata kumfanyia mtu yeyote maishani mwake. Aligeuka kwa haraka na kuinua mkono. Barabara ilikuwa tupu. Hata hivyo aliupunga.